Tundu la Hewa Si Tundu la Mbung'o

Fundi cherehani wa Tabora anayekataa kuweka matundu ya hewa kwenye suruali ya mrina asali ana sababu zake, na si za uvivu. Miombo ya Sikonge na Kaliua ina mbung'o, na mbung'o huuma kupitia kitambaa chepesi kilicholala kwenye ngozi. Homa ya malale ina historia ndefu Tabora na Kigoma, kwa hiyo hakuna wa kuibeza hofu hiyo. Ongeza nyuki wenyewe, upupu, miiba, na siafu ambao hupanda mguu kimya hadi wafike pajani ndipo waanze kuuma kwa pamoja. Jibu la fundi linajulikana: kadeti nzito, mguu mwembamba chini, suruali ichomekwe kwenye soksi au gambuti, mkanda ukazwe. Hakiingii kitu.

Na hakitoki kitu. Hapo ndipo upande wa pili, wa wanaotaka suruali inayopumua, unapostahili kusikilizwa kuliko unavyosikilizwa sasa. Wengi wameuhukumu kwa kuangalia suruali za mtumba zenye zipu fupi pajani na kipande cha neti nyuma yake. Zile kweli hazifai porini, lakini zimeshonwa vibaya. Wazo lenyewe halina kosa.

Tuanze na jasho, kwa sababu watu hulihesabu kama usumbufu tu. Lita 1 ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa takriban kilojuli 2,400 za joto. Ikikauka ndani ya saa moja, hiyo ni kama wati 670 kwa saa nzima, kiasi kinachoweza kumpoza mtu anayepanda kilima na mzigo. Lakini sharti ni ikauke. Jasho linalochuruzika hadi kwenye soksi, au linalonyonywa na kadeti likakaa humo, limemgharimu mvaaji maji na chumvi bila kumpoza sawasawa. Anakunywa maji, anatoka jasho, anazidi kuchemka. Mtu mwenye suruali iliyofungwa juu na chini anaweza kumaliza chupa yake ya maji kabla ya saa nne asubuhi, miguu ikiwa imelowa chapachapa, halafu aambiwe ni jua la Oktoba. Jua lina sehemu yake, na suruali ina yake. Mapaja na makalio ni eneo kubwa la ngozi na ndiko misuli inayofanya kazi zaidi ilipo. Ukilifunika eneo hilo kwa gunia, umemnyima mtu sehemu kubwa ya mashine yake ya kupoza mwili.

Sasa, hewa ndani ya mguu wa suruali husukumwa na mambo mawili. Hewa yenye joto hupanda, na kila hatua hukamua nguo na kuiachia, kama mvukuto wa mhunzi. Mvukuto usio na njia ya kuvuta na njia ya kutolea haupulizi. Suruali ya kawaida ya kupwaya huvutia hewa kwenye pindo la chini na kuitolea kiunoni. Mrina asali akiichomeka kwenye gambuti amefunga mlango wa chini; mkanda na mfuko wa mgongoni vimefunga wa juu. Ukikata tundu moja pajani, bado umeweka mlango mmoja tu, na mlango mmoja haupitishi upepo. Ndiyo maana wanaojaribu zipu moja fupi husema hawaoni tofauti, na wanasema kweli.

Kinachofanya kazi ni milango miwili kwenye mguu huohuo, mmoja juu, mmoja chini, yote juu ya gambuti. Njia rahisi ni zipu ya sentimita 35 kwenye mshono wa nje, ikianza sentimita 10 chini ya mkanda na kuishia kiganja kimoja juu ya goti, yenye vichwa viwili. Hapa makosa hutokea dukani. Vuta vichwa vyote viwili kuelekea katikati. Ncha mbili zikifunguka na kipande cha kati kikabaki kimefungwa, nunua hiyo. Zipu ikijifunga vichwa vinapokutana, hiyo ni ya sanduku la safari: itakupa tundu moja katikati, na kila ukichuchumaa litaachama kama mdomo. Chagua ya nailoni, namba 5. Ya chuma hupata moto juani na meno yake hushika mchanga. Ikianza kukwama, ipake nta ya nyuki, ambayo kwa wateja hawa haikosekani.

Nyuma ya zipu ndipo penye hoja ya mbung'o, na wapinzani wako sahihi kuhusu neti nyepesi. Neti ya chandarua iliyogusa ngozi haizuii kitu: mdudu hutua juu yake na kudunga kupitia kitundu. Dawa yake ni umbali. Tumia neti nene yenye matabaka, ile ya kwenye migongo ya mabegi na viatu vya michezo, unene usiopungua milimita 3, ukanda wa upana wa sentimita 6 nyuma ya urefu wote wa zipu. Kingo zake zifungie ndani ya kitambaa, la sivyo zitamkwaruza mvaaji paja mpaka atoke kidonda. Kisha shona kifuniko cha kitambaa cha sentimita 4 juu ya zipu, kikitazama nyuma, ili miiba ipite bila kuinasa neti. Kwa nyuki kanuni ni ileile: mavazi ya kurinia yenye matabaka matatu ya neti yapo duniani na yanatumika, kwa sababu tabaka nene la katikati huuweka mwiba wa nyuki mbali na ngozi. Hata hivyo, mbele ya mzinga wenyewe zipu zifungwe. Zifunguliwe njiani, na njia ndiyo inayokula saa nyingi.

Rangi ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi kwa sababu rangi hizo huwavuta. Mtu aliyevaa jinzi nene ya bluu, akijiona salama kwa unene wake, amejigeuza mtego. Kaki au rangi ya majani makavu inamfaa zaidi, na haiwachokozi nyuki kama nyeusi inavyowachokoza.

Kuhusu kitambaa, tetroni ya gramu 180 kwa mita ya mraba, poliesta 65 na pamba 35, inatosha. Kadeti ya pamba tupu ya gramu 280 ni imara kweli, lakini pamba hufyonza unyevu wa kama asilimia 8 ya uzito wake kabla hata haijaonekana imelowa, ilhali poliesta haifikishi asilimia 1. Kadeti ikilowa, hukaa imelowa. Hapa wapinzani wana pointi moja nisiyoipinga: asubuhi za Juni na Julai Tabora ina baridi, na kadeti kavu ni rafiki.

Halafu kuna mkato, ambao ni nusu ya kazi na hauhitaji zipu wala neti. Suruali iliyobana haina hewa ya kukamua. Acha paja lipwaye angalau sentimita 8 kwa mzunguko. Na kwa mtu anayepanda mti kufikia mzinga, weka kipande cha msamba, ambacho kwa mshonaji wa kanzu ni kikwapa kilichohamishiwa chini: pembe nne ndefu, inchi 4 kwa inchi 8, ndefu ikielekea magotini. Mishono minne haikutani tena sehemu moja, kwa hiyo jasho na msuguano havirundikani pale. Kinapoharibika huharibikia kwenye ncha. Fundi hushona hadi ukingoni, kitambaa kinajikunja, na siku ya tatu panaachia. Simama sentimita 1.5 kabla ya ukingo, rudisha sindano mara mbili, kisha pitisha mshono wa pili juu.

Kaptula huzungumzwa sana Kigoma, kwenye joto la ziwani, na kwa mchezo au kazi za ufukweni hakuna ubishi: pasuo la sentimita 6 pembeni, mshono wa ndani wa mguu usiopungua inchi 8 ili mapaja yasichubuane. Kwa njia za Gombe na Mahale, ambako ndani ya hifadhi hakuna barabara na kila kitu ni miguu, siafu na nyasi humaliza mjadala mapema. Tena vijijini mtu mzima anayekwenda kwenye shughuli kwa kaptula bado hutazamwa vibaya. Ndiyo sababu suruali ndefu ndiyo inayohitaji kupumua.

Linabaki la ukarabati. Zipu nne fupi za kichwa kimoja, moja juu na moja chini kwa kila mguu, ni rahisi kupatikana kuliko mbili za vichwa viwili. Mahali ambapo hata hizo hazipo, shona kila mguu mapasuo mawili ya sentimita 9, moja juu, moja chini, kila moja na neti, kifuniko na vifungo viwili. Hayapendezi sana, lakini hewa haijui tofauti, na kifungo chochote kijijini hubadilishwa kwa sindano ya mkono.

Anayetaka kupima kazi yake kabla ya kuikabidhi, chombo anacho mteja: bomba la moshi la kutulizia nyuki. Mvaaji achomeke suruali kwenye gambuti na kufungua matundu, kisha apulizwe moshi uliopoa kwenye tundu la chini huku akipiga hatua papo hapo. Ukitoka kwa juu ndani ya hatua chache, njia ipo. Ukirudi kwa palepale ulipoingilia, paja limebana au neti imekunjamana. Na ukijikusanya kiunoni nyuma, bitana ya mkanda ni ya kitambaa cha gundi. Ifumuliwe, iwekwe neti.