Casablanca: Rick kapewa sifa zote, Ilsa kalipa mara mbili

Ukitaja Casablanca, ile muvi ya 1942 ya Humphrey Bogart (Rick, Mmarekani mwenye klabu mjini Casablanca, Morocco) na Ingrid Bergman (Ilsa), mjadala lazima utaishia pale uwanja wa ndege, ukungu umetanda, Rick anampandisha Ilsa ndege pamoja na mumewe Victor Laszlo, kiongozi wa upinzani dhidi ya Wanazi, halafu yeye anabaki. Watu wanasema huyo ndo mwanaume, ana vibali viwili vya kutoka Casablanca mkononi, mwanamke anampenda na usiku uliotangulia tu kamwambia hawezi kumkimbia tena, na bado anamwachia mwenzie. Ilsa naye anaitwa kigeugeu, mara huyu mara yule, alimwacha jamaa stesheni Paris na kikaratasi, mwaka na nusu baadaye anaibuka na mume. Hapo ndo nashindwa kukaa kimya, kwa sababu ukiifuatilia hadithi vizuri aliyejitoa kwanza ni Ilsa, na alijitoa pabaya zaidi.

Rick ana haki yake na simnyang'anyi. Ameuza klabu yake kwa mfanyabiashara mwenzie Ferrari, amemwelekezea bastola mkuu wa polisi Kapteni Renault, amempiga risasi Meja Strasser wa Kijerumani, yaani kwa jioni moja ameweka rehani biashara, mwanamke na shingo yake. Halafu sio mtu wa hivihivi, 1935 alipeleka silaha Ethiopia wakati Italia inaivamia, 1936 akapigana Hispania upande wa Jamhuri, kwa hiyo pale uwanjani ni kama anarudi kuwa yule mtu aliyekuwa kabla moyo haujavunjika. Na wanaomtetea wana hoja moja ngumu: Ilsa mwenyewe ndo alimwambia awafikirie wote, aamue yeye. Kweli alisema. Ila alisema dakika chache baada ya kumshikia bastola akidai vile vibali, akashindwa kufyatua, akaanza kulia. Maneno ya mtu aliyechoka kiasi hicho mi siwezi kuyachukua kama ruhusa ya kumpangia maisha bila kumshirikisha.

Sasa rudi Paris, Juni 1940, Wajerumani wanakaribia kuingia. Ilsa anaamini mumewe kafia kambi ya mateso. Ndoa yao ilikuwa siri, hata marafiki wa karibu hawakujua, maana Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wangemjua kama mke wa Laszlo wangemwandama na yeye. Kwa hiyo anapompenda Rick hamsaliti mtu, anaamini ni mjane. Halafu siku ya kuondoka, muda mfupi kabla ya treni, analetewa habari kwamba Laszlo yuko hai, mgonjwa, kafichwa kwenye behewa la mizigo nje ya mji. Afanye nini? Akimwambia Rick ukweli, Rick hapandi treni, atabaki kumsubiri au kumsaidia, na Rick jina lake tayari liko kwenye orodha ya Wajerumani. Angekamatwa. Ilsa alilijua hilo na anakuja kulisema mwenyewe baadaye kule Casablanca, ila watazamaji wengi wanalipita kama maelezo ya kujaza nafasi.

Kunyamaza kwake ndiko kulikompandisha Rick treni. Angefungua mdomo siku ile hakuna klabu Casablanca, hakuna vibali, na hakuna uwanja wa ndege wa kumfanya mtu shujaa, kungekuwa na Mmarekani mmoja mikononi mwa Gestapo. Na angalia bei aliyolipa: alikubali mtu anayempenda amchukie, pengine maisha yote, bila nafasi ya kujieleza, na hakukuwa na mtu wa kumwambia. Rick alipojitoa yeye alipata muda wa kueleza sababu moja baada ya nyingine, Ilsa anasikiliza, Laszlo anampa mkono na kumkaribisha tena kwenye mapambano, hata Renault anaona. Ilsa alikuwa na mistari michache kwenye karatasi na mvua ikaifuta wino. Alipokuja usiku kumsimulia kilichotokea akamkuta Rick kalewa, Rick akamuuliza alimwachia nani, Laszlo au kulikuwa na wengine katikati. Ilsa aliinuka akaondoka.

Wapo wanaosema angemwamini tu Rick, mtu mzima yule. Sawa, lakini ndo hatari yenyewe, alimwamini kiasi cha kujua atabaki.

Kuna hili pia la masharti ya Hollywood ya wakati ule, mke wa mtu hakuruhusiwa kumwacha mumewe akaondoka na mwingine, kwa hiyo lazima angepanda ile ndege. Hilo sina ugomvi nalo. Ila hakuna sharti lililosema uamuzi utoke kwa Rick. Waandishi wangeweza kumpa Ilsa mwenyewe asimame achague kwenda, kama alivyochagua Paris peke yake, nadhani muvi ingezidi kuwa nzito. Badala yake Laszlo anamwomba Rick atumie vibali aondoke na Ilsa ili awe salama, kisha Rick anampa Laszlo vibali aondoke na Ilsa ili awe salama, wanaume wawili wote wana roho nzuri, kila mmoja yuko tayari kumtoa, na katikati yao hakuna anayemuuliza. Wakati Ilsa mwenyewe alikuwa ameshapanga Laszlo aende na yeye abaki Casablanca mbele ya macho ya Strasser. Hata huo usalama hakuuomba.

Pale kwenye ndege Rick anamwambia Paris yao imerudi, walikuwa wameipoteza. Anamaanisha mapenzi yao. Kwamba Paris hiyohiyo ndiko Ilsa alimwokoa maisha hajalitaja, wala Laszlo, ambaye naye aliuguzwa na mwanamke huyuhuyo.