Namba ya Hitilafu Si Jina la Spea

Ukipita kwenye gereji za hapa Mbeya siku hizi, utamkuta fundi kijana amechuchumaa mlangoni mwa gari, simu mkononi, anatafuta tundu la kuchomeka kile kidude kidogo cha Bluetooth chini ya dashibodi. Wenye magari nao wameanza kununua vya kwao. Mimi nashangilia kabisa. Taa ya injini ikiwaka, mtu hana tena haja ya kukaa na wasiwasi mpaka ampate mwenye mashine kubwa ya kupimia. Ila kuna jambo linalofuata baada ya hapo ambalo linatutia hasara, na nataka niliseme wazi: simu ikishaandika namba ya hitilafu, watu wanaichukua kama jina la spea na kukimbilia dukani.

Mfumo ambao kidude hicho kinausoma, wa kompyuta ya gari kujipima yenyewe, unaitwa OBD-II. Marekani iliulazimisha kwa magari yote madogo kuanzia yale ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata na magari ya petroli mwaka 2001. Waliousukuma zaidi ni watu wa California, na walichokuwa wakipigania ni hewa safi, maana moshi wa magari ulikuwa umewachosha. Ndiyo maana kompyuta ya gari inachunga kwanza mchanganyiko wa hewa na mafuta, uchomaji, na kile kinachotoka kwenye ekzosi. Ikiandika P0171, maana yake ni kwamba hewa imezidi mafuta, na kompyuta imeongeza mafuta mpaka imefika mwisho wa uwezo wake bila mafanikio. Basi, imeishia hapo. Haijasema hewa hiyo imeingilia wapi, wala mafuta yamekwama wapi.

Jirani yangu, mwalimu wa sekondari, ana Toyota IST. Taa iliwaka, akapimiwa gereji moja, ikatoka hiyo P0171, akaambiwa sensa ya oksijeni imekufa. Akanunua, ikafungwa, namba ikafutwa, na taa ikarudi kabla wiki haijaisha. Jumamosi moja tukakaa na fundi mwingine uani kwake. Huyu hakuishia kwenye ukurasa wa hitilafu. Alifungua zile namba zinazotembea injini ikiwa inanguruma, akatuonyesha mbili: marekebisho ya mafuta ya muda mfupi na ya muda mrefu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Kwenye injini isiyo na hitilafu namba hizo hucheza karibu na sifuri, na zikifika asilimia 10 juu au chini bado si kesi. Kwenye gari la mwalimu, bila kukanyaga mafuta, ukizijumlisha zilikuwa zimevuka asilimia 20. Fundi akamwambia akanyage taratibu mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, ashikilie hapo. Namba zikashuka, zikakaribia za kawaida.

Kwa anayeelewa, jibu limeshaanza kujitokeza. Kama pampu imechoka au filta ya mafuta imeziba, ukikanyaga hali inazidi kuwa mbaya, kwa sababu injini inadai mafuta mengi zaidi. Ikitulia ukikanyaga, tafuta hewa inayoingia kwa njia ya panya, bila kupita kwenye sensa ya kuipima. Ufa mdogo unaonekana mkubwa injini ikivuta hewa kidogo, na hewa yake inamezwa injini ikivuta nyingi. Fundi akafungua boneti, akapitisha vidole chini ya ule mpira mnene unaotoka kwenye boksi la filta ya hewa kwenda kwenye throtoli, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Upande wa chini, katikati ya mikunjo, palikuwa na ufa ambao kwa juu huuoni hata uangalieje. Akaubana kwa mkono.

"Mwalimu, angalia simu."

Namba ya muda mfupi ikaanza kuporomoka palepale, mbele ya macho yetu. Akaachia, ikapanda. Akabana tena, ikashuka. "Ndaga, fundi," mwalimu akashukuru kwa Kinyakyusa, na hakukuwa na ubishi tena. Mpira wa kutoka kwenye gari chakavu aliupata kwa pesa ndogo kuliko aliyolipia sensa. Na ile sensa ya zamani ilikuwa ikisema kweli muda wote. Ndiyo iliyogundua hewa imezidi, ikafukuzwa kwa kusema kweli.

Kwa sisi wa nyanda za juu kuna namba nyingine ambayo ningependa kila dereva aizoee: joto la maji ya injini. Magari mengi ya petroli yakishapata moto hukaa kati ya nyuzi 80 na 100. Sasa tuna mazoea ya siku nyingi kwamba gari likichemsha kwenye mlima wa Kitonga, fundi anang'oa themostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, eti maji yatembee vizuri. Ukishuka Dar es Salaam huenda usione tofauti. Lakini njoo Juni au Julai, asubuhi, Njombe au Makete au Isyonje kwenye barabara ya Tukuyu. Gari lisilo na themostati linaweza kumaliza safari nzima likiwa nyuzi sitini na kitu. Kompyuta inaamini injini bado ni ya baridi, inaendelea kuongeza mafuta. Mwenye gari analalamika kwamba gari linakula mafuta, anauziwa plagi, baadaye anauziwa nozeli. Magari madogo mengi hayana hata mshale wa joto kwenye dashibodi, yana taa tu, kwa hiyo bila simu hawezi kujua. Wakati mwingine kompyuta yenyewe humwambia kwa P0128, kwamba injini inachelewa kupata moto, naye anaifuta.

Na kuchemsha kwenyewe kuna maelezo yake huku juu. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na maji kwenye sufuria yanachemka karibu nyuzi 94. Kinachoyawezesha maji ya injini kuvuka hapo bila kuchemka ni presha inayoshikwa na kifuniko cha rejeta, ikisaidiwa na kulanti halisi, ile dawa ya kupozea injini, badala ya maji ya bombani. Kifuniko kikilegea, gari litachemsha mlimani hata kama rejeta ni mpya. Kwa hiyo kabla ya kung'oa themostati, kagua kifuniko, kagua feni, kagua kulanti. Naomba sana tuache tabia hii ya kung'oa.

Urefu wa huku unaonekana hata kwa namna nyingine. Kwenye gari lenye sensa ya presha ya manifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye injini, fungua swichi bila kuwasha injini, usome. Pwani utakuta karibu kilopaskali 101, hapa Mbeya 82 au 83, na ukiteremka Kyela itapanda mpaka 95 hivi. Yaani injini ikija huku inapata hewa pungufu kwa karibu asilimia 18, na kama haina tabo ya kuisukumia hewa, nguvu zinapungua kwa kiasi kinachoelekea hapohapo. Mtu anayetoka Dar na gari zima, akafika huku akalihisi zito, hana ugonjwa wa kutibu. Nimeshaona wa namna hiyo wakibadilishiwa koili.

P0420 nayo ni ya kila siku. Inahusu masega kwenye ekzosi, yale yanayosafisha moshi. Wengi wameshayatoa masega yenyewe, halafu wanashangaa taa kuwaka na wanauziwa sensa ya nyuma. Sensa hiyo haina kosa.

Ukienda kununua gari lililotumika, beba kidude chako. Usiangalie hitilafu tu, kwa sababu muuzaji anaweza kuzifuta asubuhi hiyohiyo kwa simu yake. Angalia ukurasa unaoonyesha vipimo ambavyo kompyuta imeshavikamilisha. Ukikuta karibu vyote havijakamilika, ama zimefutwa juzi tu, ama betri ilichomolewa. Baadhi ya magari huonyesha hata kilomita zilizotembewa tangu zifutwe. Muulize muuzaji kwa upole, na umsikilize anavyojibu.

Kuhusu kidude chenyewe, vingi vinavyouzwa vimeandikwa ELM327, jina la chipu ya kampuni ya Kanada iliyoitwa Elm Electronics, lakini karibu vyote vya bei rahisi ni nakala. Toleo "v1.5" linaloandikwa kwenye maboksi, kampuni hiyo haikuwahi kulitoa. Baadhi ya nakala zinafanya kazi vizuri, nyingine zinakata mawasiliano katikati ya kusoma, kwa hiyo jaribu kwenye gari kabla ya kulipa. Wenye iPhone wachukue cha WiFi au cha Bluetooth ya aina mpya, kwa sababu zile za zamani hazikubali. Toyota nyingi za soko la ndani la Japani za miaka ya nyuma zina tundu lilelile la pini 16 lakini mawasiliano yake ni tofauti kidogo. Kuna programu zenye mpangilio maalumu kwa ajili yake, ujaribu huo kabla ya kusema kidude ni kibovu. Land Cruiser ya 1HZ au Hiace ya dizeli ya zamani haina kompyuta ya injini ya kuongea nayo. Malori ya volti 24 usiyaguse kwa kidude cha gari dogo. Na ukimaliza kusoma, kichomoe: tundu hilo lina umeme hata swichi ikiwa imefungwa, na vingi vinafunguliwa kwa namba ya siri 1234 ambayo kila mtu anaijua.

Lawama hii siwabebeshi mafundi peke yao. Sisi wenye magari tumezoea kulipia vitu viwili tu, spea na kazi ya kuifunga. Kupima tunataka bure, na fundi akitumia saa nzima kusoma namba na kupapasa mipira tunamwona mzembe. Katika hali hiyo, kuuza sensa ndiyo njia yake ya kupata hela ya siku. Mimi nimeamua kukubaliana na fundi bei ya upimaji kabla hajafungua boneti, na namlipa hata tukikuta ni waya tu umechomoka. Tangu hapo, fundi wangu ananionyesha namba kwenye simu kabla ya kunitajia spea, na mara nyingine ananiambia nirudi kesho asubuhi injini ikiwa ya baridi, apime upya.