Katika Mafumbo ya Pande Tatu, Unaposimama Ndipo Jibu Lilipo

Mchezo wa video wa pande tatu unaposifiwa, sifa huanza na uzuri wa picha: maji yanavyometa, vivuli vinavyosogea, kuta zinavyofanana na mawe halisi. Kwa michezo ya mafumbo, naona sifa hizo hazigusi kiini. Kinachoipa mvuto, kwa maoni yangu, ni kwamba mahali anaposimama mchezaji ni sehemu ya jibu lenyewe. Fumbo la karatasini huonekana lote kwa mara moja, na hata ukiigeuza karatasi juu chini hakuna jipya litakalojitokeza. Lakini ndani ya chumba cha pande tatu, hatua mbili kwenda kushoto zinaweza kubadilisha swali zima.

Tutazame Portal, mchezo uliotolewa na kampuni ya Valve mwaka 2007. Mchezaji ana kifaa cha kufungua milango miwili, mmoja wa samawati na mwingine wa rangi ya chungwa, na anayeingia katika mmoja hutokea katika wa pili, hata ukiwa upande wa pili wa chumba. Kasi haipotei njiani. Kinachobadilika ni mwelekeo. Kwa hiyo mchezaji aliyekwama mbele ya shimo pana asiloweza kuliruka hufungua mlango mmoja juu ukutani, nyuma yake, na mwingine chini kabisa ya shimo, kisha hujitupa humo kwa hiari yake. Anaporomoka, anazama katika mlango wa chini, na kasi ile ile ya kuanguka inamfyatua kutoka ukutani kama jiwe la kombeo hadi ng'ambo.

Kuruka kwenyewe kunasisimua, lakini utamu hasa uko katika kile kinachotokea kichwani kabla ya kuruka. Muda wote huo shimo lilikuwa kizuizi; sasa limekuwa chombo, ilhali hakuna kitu kilichoongezwa wala kuondolewa chumbani. Sijui aina nyingine ya mchezo inayoweza kuyageuza mawazo ya mtu kwa namna iliyo wazi kiasi hicho. Na wazo hili halikuzaliwa katika kampuni kubwa: lilitoka katika Narbacular Drop, mchezo wa mwaka 2005 uliotengenezwa na wanafunzi wa chuo cha DigiPen nchini Marekani, ambao Valve iliwaajiri baadaye.

The Witness, wa mwaka 2016, unafuata njia tulivu zaidi. Mchezaji hutembea kisiwani akichora mistari kwenye vibao, bila maelezo ya maandishi ya kumfundisha kanuni. Katika bustani ya matunda, kila kibao kina mchoro wa njia zinazogawanyika, na ukikikodolea macho peke yake utabaki kubahatisha. Inua macho uutazame mti ulio karibu: matawi yake yamegawanyika kama mchoro ule, na tofaa limening'inia kwenye tawi moja. Hapo ndipo mstari unapopaswa kuishia. Wakati mwingine inabidi uuzunguke mti mpaka matawi yakae sawa machoni, na kuzunguka huko ndiko kufikiri kwenyewe.

Mwaka 1971 wanasaikolojia Roger Shepard na Jacqueline Metzler walionyesha kwamba mtu anayelinganisha michoro miwili ya maumbo ya pande tatu huchukua muda mrefu zaidi kadiri umbo moja lilivyozungushwa mbali na jingine, kana kwamba analizungusha polepole akilini. Nadhani mafumbo haya yanatupendeza kwa sababu yanaipa kazi hiyo ya ndani miguu na macho. Hata Monument Valley wa mwaka 2014, unaochezwa kwenye skrini ndogo ya simu, unategemea jambo hilo: geuza jengo kidogo, na njia mbili zilizokuwa mbalimbali zinaonekana kuungana, na kwa kuwa zinaonekana zimeungana, zinapitika.

Nakubali kwamba kamera inayoyumba huwatia baadhi ya watu kizunguzungu, na kwao mvuto wote huu hauna maana mpaka watengenezaji waweke njia ya kuituliza. Linaloniudhi zaidi, hata hivyo, ni michezo inayoonyesha mshale au kunong'ona jibu mara tu mchezaji anaposimama kutazama. Kusimama huko si kukwama. Portal hufundisha kwa upole kuliko hivyo: mwanzoni kifaa hufungua mlango wa samawati tu, na uwezo wa kufungua ule wa pili huja baadaye, mchezaji akishauzoea wa kwanza. Chumba kilichopangwa kwa uangalifu namna hiyo hakihitaji mshale, na msaada ukilazimu kuwepo, ukae kwenye menyu, umngoje mchezaji auombe mwenyewe.