Orodha nyekundu ya manesi, na kangomba wake

Ijumaa tumetoka kuswali tumekaa kijiweni hapa Magomeni, Mtwara, mzee mmoja aliyestaafu utabibu huko Newala akawaka kwelikweli. Habari yenyewe ilikuwa binti wa mtaani kwetu, nesi wa diploma, anajifunza Kijerumani kwenye simu anataka kuondoka. Mzee anasema hawa wamesomeshwa na nchi, wodi za vijijini hazina watu, alafu wao wanakimbilia kuogesha wazee wa kizungu, usaliti mtupu. Akamalizia kwamba hata Shirika la Afya Duniani limekataza, Tanzania ipo kwenye orodha yao ya nchi zenye upungufu wa wahudumu wa afya.

Kuwepo tupo, sibishi. Ila hapo kwenye "limekataza" ndo nnapogombana nae, kwa heshima zote za mzee.

Orodha anayoisema ni ya 2023, ina nchi 55 na sisi tukiwemo. Kigezo kimoja ni nchi kuwa na madaktari, manesi na wakunga pungufu ya 49 kwa kila watu 10,000, kingine ni huduma za afya kwa ujumla kuwa bado dhaifu. Nchi tajiri zinaambiwa msije huku kuvua wahudumu kama mnavua dagaa. Uingereza wakaichukua wakaiita orodha nyekundu, wakala wa ajira haruhusiwi kuja kuajiri kwetu. Ujerumani nao sheria yao haimruhusu wakala binafsi kuchukua wahudumu wa afya kutoka nchi za orodha. Lakini nesi mwenyewe akikaa chini akaomba kazi kwa mkono wake hakuna anaemzuia. Yani mlango wa kutoka uko wazi, waliofungiwa ni mawakala wenye leseni ambao wangekuja kumfata.

Mzee nae nisimdhulumu, ana hoja. Nenda kituo cha afya huko ndani Liwale au Nanyumbu usiku wa manane, unaweza kumkuta nesi mmoja tu, anazalisha huku mtoto wa degedege kaletwa mlangoni. Na nesi wa usingizi, yule anaemlaza mgonjwa wa kupasuliwa, akiondoka hospitali ya wilaya ndo balaa zaidi, mama wa kupasuliwa anaanza kutafutiwa gari la kwenda hospitali kubwa za Ligula au Ndanda, na damu haisubiri gari. Mtu wa hivyo kumpata mwingine ni miaka. Hapo mzee akisema inauma, inauma kweli.

Sasa hiyo 49. Nimeizungusha kichwani wiki nzima. Namba inasema nchi ina upungufu wa watu, haisemi nchi ina bajeti ya kuajiri wangapi, na hayo ni mambo mawili ambayo kila aliyewahi kusubiri kibali cha ajira anayajua. Ikama, yani hesabu ya watumishi wanaotakiwa kituoni, inaweza kuonyesha kituo kina upungufu wa manesi sita na bado mwaka huo asipelekwe hata mmoja. Binti wetu leseni anayo, kila ajira zikitangazwa anaingia Ajira Portal, mtandao wa kuomba kazi serikalini, mwaka wa tatu huu, katikati akajitolea kituo cha afya kwa posho ya nauli tu mpaka nayo ikakata, saivi yuko nyumbani anauza barafu za ubuyu na vitenge vya mkopo. Akiondoka huyo kesho wodi ya Nanyumbu inapungukiwa nani? Inapungukiwa muuza ubuyu. Upungufu upo pale pale na yeye akiwepo, na kila mwaka vyuo vinatoa wengine wanakuja kukaa foleni nyuma yake. Tunaomlaumu tunamhesabu kama yuko zamu ya usiku wakati hajawahi kupewa hiyo zamu, alafu namba ileile inayoonyesha anahitajika ndo inatumika kumwambia abaki nyumbani asihitajike na mtu.

Na cheki ubaguzi wetu. Kijana wa VETA, fundi wa kuchomelea, anasubiri mradi wa gesi ya LNG pale Likong'o, Lindi, toka hana ndevu, akipata kadi ya fursa ya Ujerumani, ile visa ya pointi ya kwenda kutafuta kazi iliyoanza Juni 2024, mtaa mzima unamuagia pale stendi ya Mkanaledi na duwa juu. Nesi akifanya hivyohivyo msaliti!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi watu wa korosho tulitakiwa tuielewe hii kuliko wote. Kangomba, wale wanunuzi wa korosho wa magendo, tunawajua. Mnada na stakabadhi ghalani uko mbali, malipo yanachelewa, mtoto anaumwa leo, basi mkulima anamuuzia kangomba kwa kipimo cha hovyo na anajua kabisa anapunjwa. Orodha nyekundu imetuletea kangomba wa manesi. Uingereza wakala wa halali haruhusiwi kumtoza anaetafuta kazi hata senti, gharama ni za mwajiri, na huyo ndo aliyezuiwa kuja. Anaebaki ni mtu wa WhatsApp, jina moja, picha ya profaili kasimama na bendera ya Uingereza. Binti kaambiwa milioni nne, visa ya kulea wazee, uhakika. Baba yake akaanza kutafuta wa kumuwekea rehani mikorosho. Bahati mtu akawastua kwamba toka tarehe 22 Julai 2025 Uingereza hawachukui tena walezi wapya kutoka nje, huo mlango umefungwa, kwahiyo yule bwana alikuwa anauza upepo.

Njia ya unesi wenyewe bado ipo ila ni mlima, mtihani wa Kiingereza wa IELTS wanataka 7, kuandika tu ndo wanakubali 6.5, alafu kuna mtihani wa kompyuta, alafu wa vitendo ambao unafanyika kulekule Uingereza kwa pauni 794, inapita milioni mbili na nusu hiyo. Ndo maana kahamia Ujerumani, kule kuna mafunzo ya unesi ya miaka mitatu unalipwa huku unasoma, hospitali za umma mwaka wa kwanza inapita euro 1,300 kwa mwezi. Kuanza upya na diploma unayo mkononi, sio raha, lakini hadaiwi milioni nne na mtu.

Mtu atasema basi orodha ifutwe. Hapana. Ikifutwa wa kwanza kubebwa ni yule wa usingizi, maana wanaotafuta wafanyakazi wanataka mwenye uzoefu, muuza ubuyu atafatwa mwisho. Ila orodha yenyewe ina kidirisha ambacho sisi hatukitumii vya kutosha, serikali kwa serikali mkikubaliana inaruhusiwa. Nepal wapo kwenye orodha kama sisi na wakasaini na Uingereza 2022. Kenya walisaini na Uingereza 2021, na Ujerumani Septemba 2024. Na sisi TaESA tunayo, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, wakae mezani waandike wazi, aliyemaliza chuo akakaa miaka miwili bila ajira ruksa, mwajiri alipe kila kitu na achangie chuo alichotoka, wa chumba cha upasuaji na wa usingizi wasiguswe.

Nikamueleza mzee hivyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akakoroga kahawa yake, akaniuliza: na huyo aliyekaa miaka miwili bila ajira, nani atathibitisha? Nikasema barua ya mtendaji wa mtaa. Kijiwe kizima kikacheka, na mimi nikacheka, maana barua ya mtendaji tunajua wote inavyopatikana.