Skuli ya kimataifa ikisema ni nzuri, imejipimaje?

Mtoto wa dadangu yuko darasa la 5 kwenye skuli moja ya kimataifa hapa Malindi, jina naliacha. Juzi kaja na ripoti, karatasi nzito ya rangi, Kiingereza amevuka matarajio, hesabu amevuka matarajio, hadi michezo amevuka matarajio. Mamake alikuwa jikoni anakanda unga wa mahamri, mi nikachukua ile pakiti tupu nikamwambia haya, tuseme pakiti moja ni shilingi 180, mamako anataka tatu, nikikupa elfu moja utanirudishia ngapi? Akanitazama, akaniuliza, "Mjomba, hapa najumlisha ama natoa?" Nikamwambia fanya unavyoona wewe. Akajumlisha elfu moja na 180.

Lile swali lake limenikaa kifuani wiki nzima, manake dadangu anajinyima kulipa ile karo na langoni kuna nembo tatu zinazosema skuli imethibitishwa. Imethibitishwa nini hasa?

Nimezifuatilia hizo nembo, na kwanza hazina uzito mmoja. Ya Cambridge, shirika la mitihani la Uingereza, inamaanisha skuli imekubaliwa kufundisha mitaala yao na kufanyisha mitihani yao, kama hiyo IGCSE ya sekondari iliyoanza kufanywa 1988. IB, yaani International Baccalaureate, shirika la mitaala na mitihani lililozaliwa Geneva mwaka 1968, inaikagua skuli kabla haijaruhusiwa kuanza programu zake alafu inarudi kuitathmini kila miaka 5. Alafu wako CIS, yaani Baraza la Skuli za Kimataifa, hawa wanaangalia skuli nzima, uongozi, walimu, ulinzi wa watoto, vifaa, mpaka mambo ya pesa. Na lile neno international lililoandikwa ukutani si ithibati ya chombo chochote kati ya hivi, wazazi wengi hapa kwetu hawalijui hilo na wanalipa wakidhani ni daraja fulani.

Ithibati ya CIS si kitu cha kununua dukani, hilo niseme wazi. Skuli inajichunguza yenyewe kwanza kwa miezi mingi, walimu wanakaa wanaandika wanachokifanya vizuri na pale wanapopungukiwa, alafu inakuja timu ya walimu na wakuu wa skuli nyingine, wanaingia madarasani, wanazungumza na watoto na wazazi, wanalinganisha kilichoandikwa na wanachokiona kwa macho. Mi naona faida yake kubwa iko kwenye usalama wa watoto. Mwaka 2014 mashirika ya skuli hizi yaliunda kikosi kazi cha pamoja cha kulinda watoto, baada ya kugundulika kwamba mwalimu mmoja alikuwa amedhulumu wanafunzi kwa miaka mingi huku akihama skuli hadi skuli, nchi hadi nchi, na kila anakokwenda anapokewa vizuri, na tangu hapo kuchunguza alikotoka mwalimu kumekuwa sharti zito. Hakuna mtihani wa hesabu ungemkamata mtu yule.

Lakini upande wa pili upo na ni mzito vilevile. Anayelipia ukaguzi ni skuli yenyewe, tarehe ya wageni inajulikana mapema, na wanaokagua ni wenzao ambao kesho na wao watakaguliwa. Hata wakiwa waaminifu kabisa, na naamini wengi ni waaminifu, wanachopima zaidi ni utaratibu. Skuli inaweza kuwa na mpango mzuri wa kufundisha hesabu, umeandikwa, umesainiwa, uko kwenye faili, na mtoto aliyekaa dawati la nyuma bado hajui kama hapa anajumlisha ama anatoa.

Ndiyo maana kuna wanaosema tuachane na nembo tuangalie matokeo. Mtihani unasahihishwa mbali na mtu asiyemjua mtoto wala babake, na hilo ni jema sana. Shida ni kwamba matokeo ya mwisho yanaonyesha pia nani aliingia pale langoni. Skuli inayofanyisha usaili na kuchukua watoto ambao tayari ni wakali, na wazazi wao wanaongeza tuisheni jioni, itapata alama nzuri hata kama darasani hakuna kikubwa kinachofanyika. Na mwaka 2020, mitihani ya IB ya mwezi wa 5 ilipofutwa kwa sababu ya korona, alama zilitolewa kwa hesabu iliyochanganya kazi za darasani, makadirio ya walimu na historia ya matokeo ya skuli, na wanafunzi wengi duniani wakalalamika kwamba wamebebeshwa historia isiyo yao. Walikuwa na haki ya kulalamika.

Kinachobaki, na hapa ndipo nasimama mimi, ni kuuliza mtoto alianzia wapi na sasa yuko wapi. Vipimo vya namna hiyo vipo na skuli nyingi za kimataifa tayari zinavitumia. Kuna MAP, jaribio la Marekani, mtoto anafanya kwenye kompyuta, akipata jibu, swali linalofuata linakuwa gumu zaidi, akikosa, linakuwa rahisi, na skuli inaweza kurudia hadi mara tatu kwa mwaka kwa kipimo kilekile. Kuna ISA, jaribio la ACER, shirika la utafiti wa elimu kule Australia, la kusoma, hesabu na kuandika, kuanzia darasa la 3 mpaka la 10. Wazo lenyewe si geni kwetu, mwalimu wa chuo anafanya hivyo kila siku, mtoto anakaa mbele yake na msahafu, anasoma peke yake, mwalimu anamsikiliza anajua huyu jana aliachia hapa na herufi hii bado inamshinda. Hahitaji grafu.

Ila na hivi vipimo navyo visibebwe kama kitabu kitakatifu. Skuli zetu huku ni ndogo, darasa lina watoto 10 ama 12, familia zinakuja na kuondoka na msimu wa hoteli, wakihama watoto wawili wazuri wastani wa darasa unaporomoka na hakuna aliyekosea. Alafu kuna lugha, mtoto anayezungumza Kiswahili ama Kigiriama nyumbani akipewa swali la hesabu lililojaa Kiingereza, akikosa huwezi kujua kilichomshinda ni hesabu ama ni maneno. Mi nilimuuliza mpwa wangu kwa Kiswahili na bado akakwama, kwa hivyo kwake najua ni hesabu.

Dadangu nilimwambia siku ya pili yake. Akaenda skuli akaomba alama za mtoto za mwezi wa 9 na za mwezi wa 6, si ripoti, zile alama zenyewe za kompyuta. Mwanzo walimwonyesha wastani wa darasa, akakataa kwa adabu, akangoja, wakamtolea. Kusoma kumepanda vizuri sana, na ni haki yao kupongezwa. Hesabu iko palepale ilipokuwa mwezi wa 9. Mwalimu wa darasa, mtu mkweli, akamwambia mama, mwaka huu hawa watoto wamebadilishiwa mwalimu wa hesabu mara tatu. Hilo halikuwa kwenye ripoti, na wala ile alama peke yake isingelimwambia.

Hajamhamisha mtoto. Amemwandikia mkuu wa skuli barua fupi kumuuliza mwalimu wa hesabu wa sasa ana mkataba wa muda gani, na jioni baada ya chuo mtoto anakuja kwangu na vitu vya dukani, tunafanya chenji.