Sam Houston na kiapo alichokataa kula

Tarehe 16 Machi 1861, kule Austin, jina la gavana wa Texas liliitwa mara tatu aje ale kiapo cha utii kwa Shirikisho la Kusini, yaani majimbo ya watumwa yaliyojitenga na Marekani. Kimya. Inasimuliwa kuwa Sam Houston alikuwa orofa ya chini ya jengo lilelile, anachonga kijiti kwa kisu. Kiti kikatangazwa wazi, na naibu gavana Edward Clark akakikalia.

Watu wa Kusini walimwita msaliti: mkutano maalumu wa wajumbe wa Texas ulikuwa umepitisha kujitenga kwa kura 166 dhidi ya 8, na wapigakura wakaridhia kwa takriban watatu kwa mmoja. Lawama nzito zaidi hutoka upande wa pili. Rais wa Marekani, Abraham Lincoln, alikuwa tayari kumpa askari wa kumlinda kitini, naye akakataa. Kama aliuamini Muungano, yaani Marekani isiyogawanyika, mbona hakuupigania?

Hapo ndipo wengi wanapomkosea. Mzee huyu wa miaka 68, mshindi wa San Jacinto mwaka 1836, pigano lililoipa Texas uhuru kutoka Mexico, hakuwa mwoga wa vita, ila alijua vinavyokula watu. Kukubali askari wale kungeanzisha umwagaji damu Texas kwenyewe, jirani kwa jirani, ili yeye abaki na cheo. Na cheo hakikuwa kikimshika roho. Mwaka 1854 aliupinga muswada wa Kansas na Nebraska, uliofungua maeneo mapya kwa utumwa, akiwa seneta, akijua utamgharimu, na ukamgharimu. Baada ya kung'olewa alikwenda Galveston kuwaambia watu usoni kwamba watapoteza mali na vijana, na Kaskazini itashinda. Mwanawe hakumsikia, alijeruhiwa katika pigano la Shiloh mwaka 1862 akipigania Kusini.

Kuna hesabu moja, hata hivyo, inayonikwaza kila nikitaka kummiminia sifa. Sensa ya 1860 iliikuta Texas na watu 604,215, na kati yao 182,566 walikuwa watumwa. Watatu katika kila kumi. Tunaposema Houston aliheshimu uamuzi wa wananchi, hao hawamo; hakuna aliyewauliza, wala Houston hakudai waulizwe. Yeye mwenyewe alimiliki watumwa wapatao kumi na wawili. Aliyemwona kama mkombozi wa mtu mweusi amemvisha kanzu isiyo yake: alichokipenda ni Muungano. Lakini kwa mwanasiasa wa Kusini wa mwaka ule, kupoteza kila kitu kwa ajili ya hicho kimoja halikuwa jambo dogo, na wenzake waliofikiri kama yeye wengi waliishia kuapa.

Alifariki Huntsville tarehe 26 Julai 1863, wiki tatu baada ya Vicksburg, ngome ya Kusini, kuanguka, vita ikielekea kulekule alikosema. Miongoni mwa watumwa wa nyumba yake alikuwa Joshua Houston. Baada ya vita, watu wa kaunti ya Walker walimchagua Joshua kuwa kamishna wao.