H.264 bado haijazeeka

Video ya pikseli 1920 kwa 1080, fremu 30 kwa sekunde, isipobanwa hata kidogo hula takribani megabaiti 187 kila sekunde, kila pikseli ikipewa baiti 3. Dakika moja inapita gigabaiti 11. Ndiyo maana hakuna anayeuliza kama video ibanwe; ubishi uko kwenye kodeki ipi, yaani mbinu ipi ya kubana na kufungua video.

Wapenzi wa kodeki mpya wana hoja nzito. H.264 iliyokamilishwa 2003 huigawa fremu katika miraba ya pikseli 16 kwa 16. H.265, maarufu kama HEVC, ya mwaka 2013, inaruhusu miraba ya hadi 64 kwa 64, na AV1 ya 2018 inafika 128 kwa 128. Anga lisilo na wingu halihitaji tena kuelezwa kipande kwa kipande. HEVC ililenga kutoa ubora uleule kwa karibu nusu ya biti za H.264, na kwenye video za 4K faida hiyo huonekana wazi.

Ila nafuu hiyo ina mlipaji. Kwanza ni kompyuta inayobana: AV1 hupima njia nyingi mno za kuigawa na kuitabiri kila fremu, hivyo huchukua muda mrefu kuliko H.264. Netflix au YouTube haziumii, kwa sababu faili hubanwa mara chache na kutazamwa mara nyingi sana. Anayebana video itakayotazamwa na watu kumi hesabu yake ni nyingine kabisa. Kisha kuna simu ya mtazamaji. Ikikosa chipu inayofungua AV1, kazi yote inaangukia prosesa, na betri ndiyo inayoumia. iPhone, kwa mfano, zilipata chipu hiyo 2023 kwenye 15 Pro.

HEVC nayo iliponzwa na hataza, yaani haki za kisheria za wavumbuzi juu ya teknolojia yake. Wamiliki wake walijigawa katika makundi kadhaa, kila kundi likidai ada yake, na vivinjari vikasita kwa miaka mingi. Google, Netflix, Amazon, Mozilla na wenzao waliunda Alliance for Open Media mwaka 2015 ili wapate kodeki isiyo na ada, ndiyo AV1. Kwa maoni yangu, kilichoikwamisha HEVC ni mikataba kuliko hesabu zake.

Watu wengi husema “nitumie MP4” wakidhani wamemaliza. MP4 ni chombo tu. Ndani yake mnaweza kuwa na H.264, HEVC au hata AV1, na ndiyo sababu faili mbili zenye jina la aina moja, moja inafunguka na nyingine inagoma.

Kwa faili unayomtumia mtu usiyejua kifaa chake, ningechagua H.264 bila kusita. HEVC inafaa kurekodia 4K kwenye simu yenye nafasi finyu. AV1 waachiwe wenye watazamaji wengi. Kwa uhariri, zote tatu ni mzigo, maana fremu nyingi hutegemea jirani zake na programu hulazimika kufungua kadhaa ili ionyeshe moja. ProRes, kodeki ya Apple ya uhariri, huhifadhi kila fremu peke yake, faili likawa kubwa lakini kazi ikaenda.

Na kubadilisha maktaba ya zamani kutoka H.264 kwenda AV1? Kila ubanaji mpya hupoteza kitu kisichorudi. Diski ya ziada ni afadhali.